Sanduku Nililolipaka Bila Kukuuliza Rangi

Amborovy, jioni ya kuamkia safari

Moina, mwanangu,

Salamu nilikupa asubuhi kwa mdomo wangu, nawe ukazipokea umenuna, kwa hiyo hapa naziruka. Naandika ukiwa umekwenda mjini na baba yako kuwaaga shangazi zako. Najua watawashikilia mpaka mle, na mkishakula watawashikilia mnywe chai, basi muda ninao. Kalamu yenyewe ni ile nene ya kuandikia maboksi. Usinicheke ukikuta herufi kubwa kama tangazo la bucha. Hizi naziona.

Tuanze na ugomvi wetu, maana tukiuacha utalala nasi ndani. Ndege yako ya Moroni ni kesho, na kutoka Moroni unaunganisha kwenda Dar es Salaam. Chuo cha uchoraji kimekukubali, tena kwa picha zako mwenyewe, mimi sikumwandikia mtu yeyote barua ya kukuombea. Lakini wiki hii nzima umekuwa ukipanga nguo na kuzipangua. Juzi ulimwambia baba yako, ukidhani nimelala, "Nikienda, nani atamsomea Mama makopo?" Sikuwa nimelala, mwanangu. Nilikuwa nimefumba macho tu, na siku hizi kuyafumba na kuyafumbua hakuna tofauti kubwa.

Nakuandikia Kiswahili kwa makusudi. Nyumbani tunasema Kimalagasi, na wageni wakija tunatoa Kifaransa pamoja na vikombe vizuri. Kiswahili nilikipata kwa mama yangu, Koko wako, aliyezaliwa Unguja kabla wazazi wake hawajahamia huku. Kwake kilikuwa lugha ya kugombania. Wewe ulikipata kwangu pamoja na hasira zake, na huko uendako itabidi ujifunze kukisema bila kukasirika.

Mambo ya kula na kuvaa sitayagusa. Shangazi zako watakuwa wameyamaliza yote leo, wakaongeza na ya wanaume. Mimi nataka kukueleza jinsi nilivyokuwa mchoraji, kwa sababu ile hadithi ninayowapa watu kwenye maonyesho, ya msichana aliyependa rangi za sokoni, naitoa kwa kuwa ni fupi na inawafurahisha. Ya kweli unaijua vipande vipande. Leo nakupa nzima.

Nilikuwa na miaka kumi na minne pale watu wetu, Wakomoro, walipouawa hapa Mahajanga. Mengine ya siku zile unayajua na mengine sitayaweka kwenye karatasi utakayosafiri nayo. Baba yangu alikwisha kufariki kwa maradhi, tukawa wawili, mimi na mama. Jirani yetu Mama Soa, Msakalava aliyekuwa akiuza vitumbua vya mchele barazani kwake, alituingiza chumbani kwake na kupiga komeo madirisha. Hatukuwasha taa wala kufungua dirisha, na hata saa sita mchana chumba kile kilikuwa giza tupu. Mama Soa aliendelea kukaanga vitumbua vyake nje na kuwaambia wanaouliza kwamba Wangazija wale wamekwisha kuondoka.

Halafu akasikia kuna boti ya mizigo inakwenda Nosy Be, na nahodha wake anamfahamu. Kutoka kwake hadi bandarini ni kupita katikati ya watu walioshika marungu. Akaingia mchana ule na jiwe lake la kusagia, kipande cha mti wa msindzano na maji kidogo. Wewe umekua ukijipaka msindzano kwa ajili ya jua na urembo, huwezi kujua siku ile ulikuwa na maana gani. Sisi tulikuwa tukijipaka uso mzima, mpako mmoja laini. Mama Soa na wenzake walichora maua na nukta, shavuni na kwenye paji. Mtu wa mji huu alikuwa akitazama uso tu anajua mwanamke huyu katoka nyumba gani.

Mama yangu, hata siku ile, alibisha. "Sisi hatupaki hivyo," akasema.

"Leo mnapaka hivyo," Mama Soa akamjibu, na akamshika kidevu.

Alitupaka gizani kwa kidole. Nilisikia kidole kinatafuta mfupa wa shavu langu, kinatulia, kisha ubaridi wa ule udongo wa mti, jani moja, jani la pili. Akatusuka nywele kwa mtindo wao, akatufunga leso zake, akatutwika vikapu, tukatoka naye kwenye jua. Njiani mwanamume mmoja mwenye rungu alimsimamisha. Akanitazama usoni, akamwambia Mama Soa, "Mpwa wako huyu umemficha wapi siku zote?" Mama Soa akamtukana kwa utani, watu wakacheka, tukapita. Nilijitazama kwenye kioo cha nahodha tulipokwisha kuacha bandari. Ua la kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto, na lile la kwenye paji lilikuwa limeelekea sikioni.

Basi mimi uchoraji niliuanzia hapo, kwa kuchorwa.

Nosy Be tulikaa Dzamandzar, penye kiwanda cha sukari. Koko wako alipikia wafanyakazi, mimi nikaanza kwa kuwapaka maharusi msindzano, kisha nikaandika majina kwenye mashua, kisha vibao vya maduka. Rangi niliyoijua ilikuwa moja tu, rangi ya mafuta ya kupakia mashua, ile inayong'aa na kunuka mpaka kichwa kinauma. Baba yako alikuwa fundi wa mashine kiwandani. Wanaume wengine wakimtaka msichana humletea leso na manukato. Yeye aliniletea magunia ya sukari yaliyochanika. Koko wako alimtazama mlangoni amekumbatia magunia yale, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "Huyu anaoa au anahamia?" Nilishona magunia, nikayawamba kwenye mbao, na nikamkubali mwenye nayo.

Sasa makosa, maana nimekaa kitako kwa ajili hiyo.

La kwanza lilikuwa la aibu ya rangi. Alipita Nosy Be bwana mmoja aliyesomea uchoraji Ulaya, akazitazama picha zangu barazani, mikebe ya maziwa, makopo ya dagaa, wanawake wa waridi na kijani, akasema kwa upole mwingi kwamba rangi namna hii ni za watoto. Ule upole ndio ulioniua. Nikanunua kahawia. Nikachora wazee wa kahawia, mashua za kahawia, hata maembe nikayafanya kahawia. Nilikwenda hivyo mwaka wa kwanza, nikaingia wa pili, na hakuna aliyenunua, lakini mimi nilijiona msomi. Siku moja baba yako akasimama mbele ya picha na kikombe cha chai mkononi, akauliza, "Mbona kila unayemchora kama kashinda na njaa?" Nikamnunia siku kadhaa. Kisha nikaenda kununua nyekundu.

Huko chuoni utakutana na mabwana wapole. Wengine watakuwa sahihi, sijui wepi. Jaribu kahawia yao, mwanangu, kahawia haina ubaya. Mimi kosa langu ni kwamba niliitumia kwa hofu, na picha iliyochorwa kwa hofu hata fundi wa mashine anaiona.

La pili ni la komba, na hili ulikuwepo. Mahoteli yalipoongezeka kisiwani, mwenye hoteli mmoja alipenda komba wangu wa waridi mwenye mkia wa mistari. Akataka mwingine. Akataka kumi. Nikakata kigezo cha karatasi ngumu, nikawa nawatoa komba asubuhi na jioni kama mikate, na wewe ulipofika miaka saba nikakupa kazi ya mikia. Tulikula vizuri, sikatai. Ila nilikuwa nachora huku nawaza kitoweo. Nawe ukamvisha komba mmoja miwani. Unakumbuka nilivyokugombeza? Mwenye hoteli alimrudisha amekunja uso, mimi nikakwambia umeharibu kazi ya watu, ukalia, ukamwomba radhi yule komba, si mimi. Nikamning'iniza barazani kwa kukosa pa kumweka, na kila aliyepita njia alisimama mbele ya huyo tu. Wale wengine wote walipitwa. Nilikaa nikamtazama na mimi, nikaona kuna mtu alikuwepo pale mkia ule na miwani ile vilipokuwa vinapakwa, na mtu huyo ni binti yangu. Kigezo nilikitia jikoni kikawaka. Kuomba radhi sikukuomba wakati ule kwa sababu ya kiburi. Naomba sasa, na yule komba pia mfikishie.

Kiwanda kilipofungwa, Dzamandzar ilinyamaza. Baba yako alikuwa akiamka saa ileile, anavaa, kisha anakaa. Siku moja akarudi na mzigo wa magunia ambayo hayakuwahi kutiwa sukari, yamepigwa mhuri wa kiwanda katikati, mapya kabisa. Akayaweka mbele yangu, kama siku zile za uchumba, ila safari hii machozi yalikuwa yanamtoka. Nilijua nitachora nini kabla hajakaa. Nilimchora Koko wako, uso uleule gunia baada ya gunia, amepaka msindzano, na mhuri wa kiwanda nikauacha uonekane kwenye paji lake. Kila gunia rangi zake. Nikatia pindo pembeni, na chini nikaandika jina, kama leso. Koko mmoja wa zambarau aliandikwa MAZIWA YAMEKWISHA. Koko wa buluu, NANI KALA DAGAA. Tukayaanika kwenye kamba kando ya barabara ya kiwandani, na wafanyakazi wote wa zamani wakaja kutazama. Koko mwenyewe alipita na bakora yake, akasimama mbele ya yule wa njano. "Umenipaka homa ya manjano," akasema. Lakini jioni alirudi kumtazama tena, peke yake, Mungu amrehemu.

Hapo ndipo akatokea yule mama wa gazeti la Kifaransa na kuniita mchoraji wa pop. Nikamuuliza pop ndiyo nini. Akanieleza ni sanaa inayochukua vitu vya dukani, mikebe na matangazo na nyuso za watu, ikavirudia kwa rangi kali ili watu waviangalie upya. Nikamwambia basi kaanze na duka la pale kona, mwenye duka kanitangulia. Alicheka, akaandika, na kuanzia siku hiyo picha zikawa zinapanda ndege kabla yangu. Tulipopata cha kutosha tukarudi Mahajanga na kujenga hapa Amborovy. Watu waliniuliza ninawezaje kurudi mji ule. Nilikuwa namtaka Mama Soa.

Nilimkuta hai, mzee, hana meno lakini ulimi uko palepale. Nilimchora mgongoni mwa pusipusi, kile kigari cha kuvutwa na mtu, uso wa kijani kibichi, maua ya msindzano mashavuni. Aling'ang'ania kukipanda kigari hicho tu, akizunguka mji mzima ameegemea uso wake mwenyewe, na kila anayemsalimu anamwambia, "Mimi si kijani, huyu mtoto ana wazimu." Siku moja nilimuuliza jambo lililonikaa miaka yote. Nilimuuliza alionaje kutupaka mchana ule, kwenye giza lile.

"Sikuona," akasema. "Nilikuwa najua uso uko wapi."

Akageukia vitumbua vyake. Alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata, na wewe ulikuwepo mazikoni.

Sasa kosa la tatu, na hili ndilo linalokufanya upangue nguo.

Daktari wa Antananarivo alisema si mtoto wa jicho, ule wa kukatwa ukapona. Ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, na rangi ndizo zinazotangulia kuondoka. Ilianza nyekundu. Niliona kopo la nyekundu nikalidhani udongo. Kisha kijani ikafuata, na leo kilichobaki ni buluu na namna mbalimbali za chai ya maziwa. Sikumwambia mtu isipokuwa baba yako na wewe. Jina langu mji mzima nimelipata kwa rangi, nikaona haya, kama vile mtu aliyekutwa hana nguo. Nawe ukaingia mahali pa macho yangu. Ukapanga makopo, ukayapa majina ya kwetu wawili tu, nyekundu ya pusipusi, buluu ya dirisha la Mama Soa, waridi ya komba. Nilikuwa nikisema "nipe ile ya komba" na mkono wako ulikuwa umekwisha kuileta. Ilikuwa raha sana, Moina. Miaka miwili hii imekuwa raha kuliko yote ya umaarufu wangu. Na kwa kuwa ilikuwa raha, sikujiuliza wewe unachora saa ngapi.

Unachora alfajiri. Nimelijua hilo kwa kunusa rangi mbichi wakati wa kwenda kutawadha. Nilinusa nikanyamaza, nikakuacha uchore kwa kujiiba kwenye nyumba ya mchoraji. Wageni wakikusifu kwa kunisaidia nilitabasamu. Nilitaka ubaki, hiyo ndiyo kweli yenyewe. Hata barua ya chuo ilipofika, baba yako aliponisomea, moyo wangu ulianguka kwanza, ndipo ukafurahi. Nimeona heri ulijue hilo kutoka kwangu. Nakupenda kwa namna ambayo nisipojiangalia nitakufanya kopo mojawapo la kule rafuni.

Ndiyo maana nimefanya jambo bila kukuuliza.

Sanduku lako la bati, baba yako alikwambia limepelekwa kutengenezwa bawaba. Bawaba hazina neno. Limekuwa kwenye banda la kuku, limefunikwa gunia, na kila ulipotoka nilikuwa nalo. Nilimwambia baba yako asinitajie rangi hata moja, naye amekaa nje ya banda akijiuma midomo, mara mbili nimemsikia akipumua kwa nguvu na nikamfukuza. Makopo niliyafungua kama yalivyokuja mkononi. Brashi niliiweka chini mapema, nikatumia kidole. Nimekuchora wewe juu ya mfuniko. Nimeanzia mfupa wa shavu, nikatulia, nikaenda kwenye paji, pale ulipoangukia jiwe la kisima na kubaki na alama. Pindo nimelizungusha pembeni na mashavuni nimekutia maua ya Mama Soa.

Sijui nimekupaka rangi gani. Inawezekana uso ni wa zambarau na nywele ni za waridi ya komba. Wapagazi wa uwanja wa ndege watacheka, na huko Dar watakuuliza ni nani huyu. Usiniambie nilikosea wapi, wala usimwombe baba yako anieleze. Na kesho usilipake juu yake kwa kunihurumia. Rangi imekwisha kukauka, nimeigusa. Nguo zako nimezipanga tena humo ndani, nimetia kufuli, na ufunguo uko juu ya karatasi hii. Makopo ya rafuni nimeyapangua yote, yale majina yetu uliyoyapanga hayapo tena, kwa hiyo hata ukibaki hakuna cha kunisomea. Nitachora kwa yatakayokuja mkononi. Atakayenunua atanunua.

Ukirudi leo usiku usije kunijadili. Washa taa, lifunue sanduku, ujitazame vizuri. Mimi sikuona, Moina. Ninajua uso wako uko wapi.

Ni mimi,
Mama yako